KUHITIMU NA HATIMA: BINTI WA BWENINI ALIPOMALIZA SHULE ALIKWENDA WAPI?

Utangulizi

Kila ukifika muhula wa tatu, shuleni huwa hakuna mazungumzo mengine isipokuwa ya kumaliza. Wa kidato cha nne hupeana madaftari waandikiane maneno ya kuagana, anwani hubadilishwa, na wengine hulia kabla hata mtihani haujaanza. Kisha kila mmoja huulizwa swali lile lile na kila amwonaye: "Haya mama, ukimaliza waenda wapi?"

Swali hilo si geni. Liliulizwa pia zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tena hapa hapa Kisauni, juu ya wasichana waliokuwa wakilala bwenini kama baadhi yetu tunavyolala. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: zamani hizo swali halikuulizwa msichana mwenyewe. Waliulizana wakubwa, wakajibizana, kisha yeye akapewa jibu.

Katika makala hii nitaeleza kwa ufupi habari za wahitimu wa shule za bweni za wasichana mwanzoni mwa karne ya 20, na miaka michache iliyotangulia. Nitaanza na Frere Town, kwa kuwa ni kwetu. Halafu nitavuka bahari mpaka Mbweni, Unguja, kisha nipande bara mpaka Gayaza, Buganda. Mwisho nitarudi Mombasa. Lakini kwa kuwa sisi ni chama cha lugha, tutangulize lugha.

Maneno matatu ya ukoo mmoja

Hebu tazama maneno haya: kuhitimu, hitima na hatima. Ukiyatamka polepole utasikia kuwa ni ndugu. Yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kufikia mwisho au kutia muhuri.

Kuhitimu, kwa watu wa pwani, kwanza kulikuwa ni kuimaliza Kurani chuoni. Mtoto akifika mwisho wa juzuu zote, mwalimu wake hupewa zawadi, na jamaa hukusanyika wakala wakafurahi. Baadaye neno likapanuka, sasa twahitimu shule, twahitimu ualimu, hata udereva. Hitima ni kisomo cha Kurani nzima anachosomewa marehemu. Na hatima ni mwisho wa jambo, au yale yatakayompata mtu mbele ya safari.

Sasa basi, mwenzangu, zingatia hili. Kwetu sisi wa leo, kuhitimu ni jambo moja na hatima ni jingine. Unahitimu leo, hatima yako bado hujaijua. Lakini kwa binti wa bwenini wa zama zile, maneno haya mawili yalikuwa kama kitu kimoja. Siku aliyohitimu ndiyo siku aliyoonyeshwa hatima yake. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya, na mifano nitakayoitoa yote yaelekea huko.

Kabla ya kuwapo bweni

Tusije tukadhani kuwa elimu ya mwanamke wa pwani ililetwa na merikebu za Wazungu. La hasha! Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha mwaka wa 1858, na hadi leo ungali ukisomwa katika vyuo vikuu. Huyo alikuwa mwanamke mwenye ilimu yake kamili, na shule ya bweni hajaiona.

Hata hivyo mipaka ilikuwapo. Wasichana wengi wa nyumba za heshima walifundishwa kusoma, lakini kuandika kulitiliwa shaka. Ati msichana akijua kuandika atapeleka barua asikotakiwa! Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka wa 1844, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1886 jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri. Alinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana ndio uliokuwa ubao wa watoto wakati huo.

Zaidi ya hayo, wasichana wa makabila mengi walikuwa na mafunzo yao ya unyago. Mwari aliwekwa ndani, akafundwa na kungwi au somo wake, kisha akatolewa kwa ngoma na shangwe. Huko nako kulikuwa ni kuhitimu, na hatima ilijulikana: ndoa. Kwa hiyo shule za bweni zilipokuja, hazikukuta kiwanja kitupu. Zilikuta jamii ambayo tayari ilikuwa na desturi ya kumweka binti mahali, kumfunza, na kumtoa akiwa tayari kuolewa. Lililobadilika ni nani mwenye kumweka, na nani mwenye kumtoa.

Frere Town, hapa kwetu

Kila mtu wa Kisauni ajua Kengeleni. Makanga wa matatu hulipiga kelele jina hilo kutwa kucha. Lakini ni wangapi wanaoshuka pale wakaitazama ile kengele yenyewe?

Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mtu aliyetumwa na Uingereza kuja kuudai mkataba huo alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Waingereza zikaendelea kukamata majahazi yaliyobeba watumwa kwa magendo, na swali likazuka: watu hawa waliokombolewa wapelekwe wapi? Wengi kwao kulikuwa mbali mno, Nyasa na Uyao, na watoto wengine walikuwa wadogo hata hawakulijua jina la mji wao. Ndipo mwaka wa 1875 chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, chini ya Mchungaji William Salter Price, kikaanzisha makao ya watu hao ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mahali hapo pakaitwa Frere Town, kwa jina la huyo Frere. Kengele ilikuwa ya kuwaita watu na kuwaonya hatari ikitokea, maana wako waliotaka kuwarudisha utumwani.

Frere Town haikujengwa na Wazungu peke yao. Walikuwapo Waafrika waliokombolewa zamani wakapelekwa India, wakasomeshwa huko Nasik karibu na Bombay, kisha wakarejeshwa pwani yetu. William Jones na Ishmael Semler walifika Rabai pamoja na wake zao mwaka wa 1864, miaka kumi na mmoja kabla ya Frere Town kuwapo. Wake hao nao walikuwa wamesoma. Basi tukitaja walimu wa kwanza wa kike wa misheni katika eneo hili, tusiwahesabu mabibi wa Kizungu tu.

Watoto waliokombolewa bila wazazi waliwekwa katika mabweni, wavulana mbali na wasichana mbali. Walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu na mambo ya dini, na kazi za mikono juu yake. Wasichana walishona, walifua, walipika na kulima. Nidhamu ilikuwa kali. Miaka ya mwanzo ya 1880 yalizuka malalamiko juu ya viboko na vifungo, uchunguzi ukafanywa, na msimamizi wa makao akaondolewa. Watu waliotolewa utumwani hawakutaka kuonja tena mjeledi, hata kama anayeushika ana Biblia mkononi.

Je, msichana wa bweni la Frere Town akishakua ilikuwaje? Jibu ni fupi: aliolewa. Mwanamume aliyetaka mke katika makao yale alipaswa kupata idhini ya wamisionari, kwa kuwa wao ndio waliosimama mahali pa wazazi. Msichana aliyesoma vizuri alifaa kuwa mke wa katekista au wa mwalimu, akafuatana na mumewe Rabai, au Sagalla huko Taita, au Jilore kwa Wagiriama. Huko alikusanya wanawake na watoto akawafundisha kusoma na kushona. Kazi ilikuwa ya mwalimu, lakini jina lilikuwa "mke wa mwalimu".

Ndugu msomaji, linganisha na wavulana. Mwaka wa 1903 chuo cha kuwafundisha wahudumu wa kanisa kilianzishwa hapo hapo Frere Town. Chuo hicho kilihamia Limuru mwaka wa 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Basi mvulana wa Frere Town aliyehitimu darasa la chini alikuwa na ngazi ya kupanda bila hata kuvuka kivuko. Vilevile palikuwa na kazi za ukarani na za reli, maana reli ya kwenda Kisumu ilikuwa imekwisha kujengwa kati ya 1896 na 1901, na walihitajika watu wa kusoma na kuandika. Dada yake, aliyekaa darasa moja na yeye, pengine akimshinda kwa akili, alifika mwisho wa ngazi palepale.

Atakaye kujua maisha ya Frere Town kwa undani na akisome kitabu Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka wa 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa Frere Town, na babake alikuwa mmoja wa waliokombolewa. Ni kitabu chembamba lakini kizito. Ukimaliza kukisoma, jiulize: je, binti wa Frere Town naye angaliandika kitabu, angesema nini?

Mbweni, Unguja

Manowari zile zile zilizoleta watu Mombasa ziliwapeleka wengine Unguja. Huko walipokewa na misheni nyingine ya Kianglikana, ile ya vyuo vikuu, iitwayo UMCA. Mwaka wa 1871 misheni hiyo ilinunua shamba huko Mbweni, kusini mwa mji wa Unguja. Hapo palijengwa shule ya bweni ya wasichana iliyoitwa St. Mary's, na kulizunguka shamba wakakaa watu wazima waliokombolewa, kila jamaa kwa kibanda chake na kikonde chake. Wavulana walikuwa na shule yao Kiungani, si mbali na hapo.

Mwalimu mkuu wa Mbweni kwa miaka 25, kuanzia 1877 hadi 1902, alikuwa Caroline Thackeray, jamaa wa yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, William Makepeace Thackeray. Mama huyu alitumia mali yake mwenyewe kuijenga shule. Alipostaafu hakurudi kwao. Alibaki Mbweni hadi alipofariki mwaka wa 1926, na kaburi lake li pale katika uwanja wa kanisa.

Mbweni iliwagawa wasichana mafungu mawili. Walioonekana wepesi wa masomo waliendelea na vitabu: kusoma, kuandika, hesabu, jiografia, na mwisho kuwafundisha wadogo zao, yaani mtu akiwa mwanafunzi asubuhi na mwalimu mchana. Wale ambao vitabu viliwashinda walitiwa katika nyumba ya kazi, wakafundishwa kufua na kupiga pasi, kupika, kushona na kusuka mikeka. Nadhani sote twaujua ugawaji wa namna hii. Jina limebadilika tu. Siku hizi twaambiwa "huyu ni wa sayansi, yule mwacheni na sanaa".

Wahitimu wa fungu la kwanza walitakiwa sana. Na nani? Na vijana wa Kiungani. Misheni ilihitaji walimu na makasisi wa kwenda bara, na iliona haifai mwalimu aende peke yake au aoe mke asiyesoma. Kwa hiyo Kiungani ilifunza waume na Mbweni ikafunza wake. Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere alikuwa ameongoza msafara wa watu waliokombolewa hadi Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, wakaanzisha kijiji. Tangu hapo njia ya Mbweni hadi bara ikawa imefunguka.

Mfano mmoja ni Lucy Magombeani. Alikuwa binti wa Mbweni, akasomea ualimu, akaolewa na Cecil Majaliwa wa Kiungani. Mwaka wa 1890 Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa daraja la ukasisi, akafanya kazi katika nchi ya Masasi. Historia yamtaja Majaliwa kila inapozungumzia kanisa la kusini. Lucy hutajwa kwa mstari mmoja: "mkewe". Lakini hebu fikiria. Mtoto aliyenyakuliwa kwa wazazi, akauzwa, akaokolewa baharini, akalelewa bwenini kwa lugha ambayo si ya mamake, kisha akaenda bara kuwafundisha wenzake kusoma kwa lugha hiyo hiyo. Kama hiyo si shahada, shahada ni nini?

Na neno hili shahada nalo lina jamaa yake: shahidi, ushahidi, kushuhudia. Wasichana wa Mbweni hawakuvaa joho wala kukabidhiwa cheti cha kubandika ukutani. Shahada yao ilikuwa ni mashahidi, yaani wale waliofundishwa nao.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna deni kwao pia. Kiswahili cha kusomea katika shule za UMCA kilikuwa cha Unguja, kile alichokichunguza Steere katika vitabu vyake. Frere Town na Mombasa, CMS ilishika Kimvita. Mwaka wa 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka wa 1930. Lakini kamati hiyo ilikuta tayari kuna maelfu ya watu wanaosoma na kuandika. Nani aliyewafunza a, e, i, o, u? Wengi wao walifundishwa chini ya mwembe na wahitimu wa Kiungani na Mbweni.

Jambo jingine la kutufurahisha: mwaka wa 1888 UMCA ilianza kuchapisha gazeti la Kiswahili, Msimulizi, lenye habari za vituo na za watu waliosoma katika shule zake. Kwa hiyo jarida letu hili ni mjukuu tu, wala halikuzuka vivi hivi.

Gayaza, Buganda

Mpaka hapa tumesema habari za watoto waliokombolewa, ambao hawakuwa na wazazi wa kuwasemea. Huenda mtu akauliza: je, ingekuwa wana baba, tena baba mkubwa mwenye cheo, wangejichagulia? Ili tujibu, twende Uganda.

Mwaka wa 1905 CMS ilifungua shule ya bweni ya wasichana Gayaza, karibu na Kampala. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Alfreda Allen. Wanafunzi wake wa mwanzo hawakuwa mayatima bali binti za machifu wa Buganda. Wazazi walikuwa na hofu moja: binti akisoma, je, atakubali tena kushika jembe? Maana katika Buganda mke mwema ni yule mwenye mgomba wake. Shule ikawajibu kwa kuwapa wasichana mashamba ya kulima, wakalima kila siku pamoja na kusoma. Binti wa chifu alitoka Gayaza akijua Biblia, sindano na jembe.

Na alitoka kwenda wapi? Kuolewa na mtu mkubwa. Mmoja wa wasichana waliosoma Gayaza ni Irene Drusilla Namaganda, ambaye mwaka wa 1914 aliolewa na Kabaka Daudi Chwa wa Pili. Binti gani angekuwa na hatima ya juu kuliko hiyo? Lakini sikiliza yaliyofuata. Kabaka alifariki mwaka wa 1939, na mwana wa Namaganda, Mutesa wa Pili, akarithi kiti. Kwa desturi, mama wa Kabaka haolewi tena. Mwaka wa 1941 Namaganda akasema ataolewa, na mume amemchagua mwenyewe: mwalimu Peter Kigozi, mtu wa kawaida. Buganda ikatikisika! Waziri Mkuu, Katikkiro Martin Luther Nsibirwa, aliyeikubali ndoa hiyo, alilazimika kujiuzulu. Yaani uamuzi wa mwanamke mmoja juu ya maisha yake ulimwangusha waziri mkuu.

Mimi sisemi alifanya vyema au vibaya, hilo na tulijadili darasani. Ninalosema ni kwamba hata malkia, mwenye baba na cheo na elimu, alipojichagulia njia alionekana amevunja nyumba. Basi seuze yule yatima wa Frere Town?

Tena Mombasa

Turudi kwetu. Wazazi Waislamu wa Mombasa wengi waliogopa kupeleka binti zao katika shule za misheni, wakihofia watabadilishwa dini. Hofu hiyo ilieleweka, lakini matokeo yake ni kwamba wasichana walibaki na chuo cha Kurani tu. Katika miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, aliandika katika magazeti yake Sahifa na Al-Islah akiwahimiza Waislamu kusomesha watoto wao, wasichana wakiwamo, na kuwaonyesha kuwa dini haikukataza. Unguja ilikuwa imetangulia kwa kufungua shule ya serikali ya wasichana mwaka wa 1927. Mombasa ikafuata mwaka wa 1938, ilipofunguliwa shule ya wasichana wa Kiarabu.

Na shule ya sekondari je? Alliance ya wavulana, Kikuyu, ilifunguliwa mwaka wa 1926. Sekondari ya kwanza ya wasichana Waafrika nchini Kenya, ambayo leo ni Alliance Girls, ilifunguliwa mwaka wa 1948. Piga hesabu: miaka 22! Katika muda huo mvulana mmoja angeweza kuzaliwa, kusoma, kuhitimu na kuwa mwalimu, na dadake bado yuangoja mlango ufunguliwe. Chuo cha Makerere nacho kilipokea wanawake wa kwanza sita mwaka wa 1945.

Mmoja wa wanawake wa mwanzo wa Makerere alikuwa Sarah Nyendwoha wa Hoima, baadaye Sarah Ntiro. Mwaka wa 1954 alipata shahada ya Chuo Kikuu cha Oxford, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufanya hivyo. Aliporudi kufundisha nyumbani, akaambiwa mshahara wake utakuwa chini ya wa mwanamume mwenye shahada kama yake. Akakataa kuupokea, akafundisha bure, mpaka wakubwa wakaona haya wakarekebisha. Tazama mwendo: kutoka "mke wa mwalimu" asiye na mshahara, hadi mwalimu anayeukataa mshahara usio wa haki. Ni kazi ile ile ya ubao na chaki. Kilichobadilika ni kwamba sasa mwenyewe anaulizwa, na asipoulizwa anasema.

Mafunzo tunayoyapata

Mosi, wasichana wale wasidharauliwe kwa kuwa waliishia kuolewa. Hawakuwa na mlango mwingine. Waliopewa nafasi ndogo waliitumia mpaka ikawa kubwa. Kidogo kidogo hujaza kibaba.

Pili, tusiwatukuze walimu wao kupita kiasi, wala tusiwalaani. Waliwafunza wasichana kusoma wakati ambao wengine hawakutaka, na hilo ni deni. Lakini pia walishika funguo za bweni na za ndoa kwa mkono mmoja. Mtu aliyekukomboa si lazima awe amekuachia huru.

Tatu, na hili ndilo lililonisukuma kuandika, kuhitimu kusiwe tena hatima inayotolewa na wengine. Sheria ya leo iko upande wetu. Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka miaka 18 kuwa mwisho wa chini wa kuoa na kuolewa. Tangu mwaka wa 1994 upo pia mwongozo wa kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua. Lakini sheria iko kwenye karatasi, na binti yuko nyumbani. Sote twamjua mwenzetu aliyekuwa nasi kidato cha pili na sasa hayupo. Karo ilikosekana, mjomba akaja na posa, wakubwa wakazungumza ukumbini usiku, asubuhi dawati likawa tupu. Huyo hajatofautiana sana na yule wa Frere Town, ila kwamba yule alikuwa hana wa kumsemea, na huyu anatuona sisi tumenyamaza.

Kwa hiyo wazazi na walimu, tunawaomba kwa heshima: mkae nasi mkitupangia. Hatusemi msitupangie, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Twasema tuulizwe, na jibu letu litiwe katika hesabu.

Nne, Chama chetu kina kazi. Frere Town wangaliko vitukuu wa watu waliokombolewa, na bado wako mabibi wanaokumbuka yale waliyosimuliwa na bibi zao. Madaftari ya zamani yamejaa majina ya wanaume waliopewa vyeo. Majina ya wasichana waliofundisha chini ya miembe yamebaki vinywani mwa wazee. Tuwaendee kwa adabu, tuandike kwa Kiswahili chao wenyewe, na toleo lijalo la jarida hili liyachapishe.

Natua kalamu hapa. Kwa wenzangu wa kidato cha nne: mtakapoulizwa "waenda wapi?", msione kuwa ni usumbufu. Wako waliotamani kuulizwa wasiulizwe.

Msamiati

Bweni – nyumba wanamolala wanafunzi.
Hatima – mwisho wa jambo, yatakayompata mtu.
Katekista – mtu anayefundisha mambo ya dini kanisani kabla ya ubatizo.
Kikonde – shamba dogo.
Kungwi – mwanamke amfundaye mwari.
Mwari – msichana aliyevunja ungo na kuwekwa ndani afundwe.
Seuze – sembuse.

Maswali ya kujadili

1. Eleza uhusiano wa kimaana kati ya maneno kuhitimu, hitima na hatima. Toa mfano mwingine wa maneno ya mzizi mmoja.
2. "Mtu aliyekukomboa si lazima awe amekuachia huru." Jadili kwa kurejelea bweni la Frere Town.
3. Linganisha kutolewa kwa mwari na kutoka kwa msichana wa Mbweni shuleni. Yanafanana wapi na yanatofautiana wapi?
4. Je, Irene Namaganda alikuwa na haki ya kufanya alivyofanya mwaka wa 1941? Tetea jibu lako.
5. Zungumza na bibi yako au mzee wa kike wa mtaani kwenu. Muulize alisoma hadi wapi, na ni nani aliyeamua aache au aendelee. Andika insha ya kurasa mbili.